Usimponye Shujaa Wako Sura ya Mwisho

Miswada mingi ya riwaya za watoto yenye mhusika mwenye ulemavu hupita njia ileile. Mtoto anachekwa shuleni, anatengwa, analia usiku. Kisha hutokea moja kati ya mambo matatu: anamwokoa mtu aliyekuwa akimcheka, anapona kwa upasuaji au kwa maombi, au anakufa na kijiji kizima kinajuta. Msomaji wa miaka 10 anayetembelea magongo hufunga kitabu hicho akiwa ameelewa vizuri kabisa: nitapendwa nikifanya muujiza, nikipona, au nikizikwa.

Andiko hili ni la wanaoandika, wanaohariri na wanaochagua riwaya za watoto wa miaka 9 hadi 13, yaani wa darasa la nne hadi la saba hivi. Ninalosema ni rahisi kulitamka na gumu kulitekeleza: ulemavu usikae kitabuni kama kitendawili kinachosubiri kuteguliwa ukurasa wa mwisho. Uingie kwenye hadithi kwa saa, kwa hatua, kwa uzito wa mzigo na kwa nauli. Ukijua mambo hayo manne ya mhusika wako, nusu ya visa utavipata bila kuvitafuta.

Tabia ya kumponya shujaa ina umri mkubwa. Katika What Katy Did cha Susan Coolidge (1872), Katy anaanguka kutoka kwenye bembea, anakaa ndani miaka minne akijifunza uvumilivu, na akishakuwa mtoto mwema anatembea tena. Johanna Spyri alimsimamisha Clara kwenye milima ya Uswisi katika sehemu ya pili ya Heidi (1881), baada ya kiti chake kusukumwa bondeni na kuvunjika. Katika The Secret Garden cha Frances Hodgson Burnett (1911), Colin anaachana na kiti cha magurudumu na mwishowe anakimbia mbele ya baba yake. Vitabu vitatu, kanuni moja: tabia ikinyooka, miguu nayo hunyooka. Mtoto ambaye miguu yake haitanyooka kamwe anaulizwa kimyakimya amekosa nini.

Kwetu, wengi waliopita sekondari Tanzania wamesoma Takadini cha Ben J. Hanson. Kina mambo ya kubishania, lakini jambo moja kimelifanya sawasawa: Takadini anazaliwa na ualbino na anabaki nao hadi mwisho. Sekai, mama yake, hatafuti dawa. Anatafuta mahali pa kuishi na mwanawe.

Mguu kifundo, kwa hesabu zake

Nachukua mguu kifundo kwanza kwa sababu ni ulemavu unaotibika, na hapo ndipo waandishi hujikwaa zaidi. Huu ni unyayo unaozaliwa umegeukia ndani na chini. Humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wakati mwingine zaidi. Tiba inayotumika sasa duniani kote ilibuniwa na daktari Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa mtoto mchanga huenda hivi: mguu unafungwa plasta kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Kila wiki plasta inafunguliwa, mguu unasogezwa kidogo kwa mkono, unafungwa tena. Kwa kawaida ni mara 5 hadi 7. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa kisu chembamba, na plasta ya mwisho hukaa wiki 3. Baada ya hapo huja viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi mtoto afike miaka 4 au 5.

Sasa tazama mahali tiba inapokwama, kwa maana hapo ndipo riwaya yako ilipo. Haikwami kwa sababu daktari ni mbaya. Inakwama kwa sababu kliniki ni kila wiki, basi ni la saa sita kwenda, na wiki ya nne baba hana nauli. Au inakwama mwishoni kabisa: mguu umenyooka, unapendeza, mtoto analia usiku kwa sababu ya ule upau, shangazi anasema jamani mwacheni mtoto alale, na viatu vinaingia chini ya kitanda. Mguu unaanza kurudi ulikotoka taratibu. Hakuna mtu mwovu katika kisa hicho, na mtoto wa miaka 11 akigundua viatu hivyo vidogo ndani ya sanduku la mama yake una sura nzima ambayo haihitaji machozi ya kulazimisha.

Mtoto huyo wa miaka 11 anatembeaje? Anakanyaga kwa ubavu wa nje wa unyayo, na hapo ngozi ni sugu nene inayopasuka kiangazi. Shavu la mguu ni jembamba. Kama ni mguu mmoja tu, unyayo wake ni mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo anahitaji viatu vya namba mbili tofauti. Duka la viatu vipya halitamuuzia kimoja kimoja. Muuza mtumba mwenye rundo la viatu visivyo na wenzao huenda akamfaa kuliko daktari katika sura ya tatu. Mambo kama haya hayatungwi mezani, huulizwa.

Je, shujaa asitibiwe kabisa? Atibiwe, ila kwa kalenda ya kweli. Mtoto mkubwa hufungwa plasta kwa muda mrefu zaidi au hupasuliwa, na baada ya hapo kifundo chake hubaki kigumu. Akifungwa plasta sura ya 5 na kufunga bao la ushindi sura ya 7, umemdanganya msomaji anayejua. Weka tiba katikati ya kitabu, kisha uonyeshe kilichobaki. Kimberly Brubaker Bradley alifanya uamuzi mzuri hapa. Katika The War That Saved My Life (2015), Ada wa London ana miaka 10, mguu wake haujawahi kutibiwa, na mama yake anamficha chumbani. Vita vinapoanza mwaka 1939 anatoroka na kwenda mashambani Kent pamoja na mdogo wake. Anapata magongo, anajifunza kumpanda farasi mdogo, na kitabu kinaisha mguu ukiwa vilevile. Upasuaji unasubiri kitabu cha pili. Kwa kuuahirisha, mwandishi alilazimika kutafuta hadithi mahali pengine, na aliipata: mtoto aliyefichwa hujifunzaje kumwamini mtu mzima?

Neno moja kuhusu magongo kabla ya kuendelea. Uzito hubebwa na viganja, wala si kwapa. Kati ya kwapa na gongo inapaswa kubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo neva hubanwa na mkono hufa ganzi. Mpira wa nchani huisha, na gongo lisilo na mpira juu ya sakafu ya saruji iliyolowa ni ajali. Na mwenye magongo mawili hana mkono wa kubeba ndoo, mwavuli, wala mdogo wake. Nimesoma zaidi ya muswada mmoja ambamo msichana wa magongo anachota maji kisimani bila mwandishi kueleza ndoo iko wapi.

Betri ni saa ya hadithi

Mhusika anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, ni zawadi kwa mwandishi anayejua mambo madogo. Vifaa vingi vya watoto hutumia betri za hewa za namba 13, yenye karatasi ya rangi ya chungwa, au 675, yenye karatasi ya buluu. Ukiibandua karatasi hiyo hewa inaingia na betri inaanza kuisha, hata usipoitumia. Kuirudisha karatasi hakusaidii. Hudumu siku chache hadi wiki mbili, kutegemea nguvu ya kifaa. Mtoto mwenye betri mbili za mwisho na mtihani wa muhula wiki ijayo ana maamuzi ya kufanya kila asubuhi: leo azime kifaa kipindi gani? Asisikie hesabu au asisikie marafiki wakati wa mapumziko? Huo ni msukumo wa kisa ambao haukuhitaji mama wa kambo.

Mengine yanayoharibika: kizibo cha sikioni hutengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto, na sikio hukua. Kizibo kikilegea, sauti inavuja na kifaa kinapiga mluzi ambao darasa zima linausikia isipokuwa, mara nyingi, mwenyewe. Jasho na unyevu wa pwani huua mitambo ya ndani, kwa hiyo usiku kifaa hulala ndani ya kikopo chenye vidonge vya kukausha unyevu. Na kifaa hakichagui: hukuza sauti ya mwalimu pamoja na ya madawati yanayoburutwa. Usiandike kwamba mtoto alivaa shimesikio na “akasikia kila kitu”. Kwa mtoto ambaye hajawahi kusikia, siku ya kwanza ni kelele tupu, na huenda akalia au akakivua.

Kusoma midomo nako kumetiwa chumvi mno. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: mama, baba, papa. Midomo inafanya jambo lilelile mara tatu. Mtoto kiziwi hukisia kutokana na mazungumzo yenyewe, huchoka kufikia saa tano, na hupotea kabisa mwalimu anapogeukia ubao huku akiendelea kuongea. Mhusika wako asisome midomo ya majambazi ng'ambo ya barabara ili kuokoa kijiji. Hilo ni toleo jingine la ule muujiza tuliouanzia.

Cece Bell, aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 4, alitumia teknolojia vizuri sana katika kitabu chake cha katuni El Deafo (2014). Mwalimu alivaa maikrofoni iliyotuma sauti moja kwa moja masikioni mwake, akasahau kuizima, na mtoto akawa anamsikia mwalimu hata akiwa msalani. Kifaa kile kile kinachomtenga ndicho kinachompa mtoto siri ambayo darasa zima lingetamani kuwa nayo. Kinachekesha, ni cha kweli, na hakuna aliyeponywa.

Kama mhusika anatumia lugha ya alama, fikiria mwanga na mikono. Umeme ukikatika na koroboi haina mafuta, mazungumzo yamekwisha. Aliyebeba mtungi wa gesi hawezi kujibu. Kumwita mtu ni kugusa bega, kupunga mkono, kuwasha na kuzima taa au kukanyaga sakafu ya mbao. Lugha ya Alama ya Tanzania na ile ya Kenya ni mbili tofauti, kwa hiyo msichana wa Holili, upande wa Tanzania, aliyehamia Taveta ng'ambo ya mpaka hataelewa kila kitu, hata kama mabibi wa pande zote mbili wanazungumza Kiswahili kimoja. Watoto wengi viziwi wana wazazi wanaosikia, na wengi wao hufika shuleni wakiwa na ishara za nyumbani tu ambazo mama na dada ndio wanaozielewa. Wiki ya kwanza ya mtoto huyo katika bweni la viziwi, anapoona mikono mia ikizungumza, inatosha kubeba theluthi ya kitabu.

Kuhusu maandishi: mazungumzo ya alama yaandikwe kwa Kiswahili fasaha ndani ya alama za kawaida za mazungumzo. Usiyavunje vunje, “mimi taka maji”, eti kuonyesha ni alama. Lugha ya alama ina sarufi yake kamili. Anayeivunja ni mfasiri, na hapa mfasiri ni wewe. Na kuna picha moja ninayowapa bure wanaotafuta: mvua kubwa ikipiga bati la darasa, wote wanaosikia wanakuwa viziwi, mwalimu ananyamaza, na watoto wawili wa dawati la mbele wanaendelea kuongea kwa mikono yao kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ualbino bila mapanga

Tangu mauaji ya Kanda ya Ziwa yalipopamba moto miaka ya 2007 na 2008, karibu kila mtunzi anayemweka mtoto mwenye ualbino kitabuni huleta mganga na watu wenye mapanga. Hofu hiyo ni ya kweli na ina haki ya kuandikwa. Lakini mtoto mwenye ualbino huishi na mambo mawili kila siku, mganga awepo asiwepo: macho na jua.

Macho kwanza, maana ndiyo yanayosahaulika. Uoni wake ni hafifu, mboni huchezacheza zenyewe, mwanga mkali humuumiza, na miwani haimalizi tatizo. Kukaa dawati la mbele hakutoshi kama dirisha liko nyuma ya ubao. Anasoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua. Msimamizi asiyejua anaweza kudhani anachungulia karatasi ya mwenzake. Ananakili daftari la rafiki wakati wa mapumziko, kwa hiyo hachezi, kwa hiyo anaonekana anaringa. Hatambui nyuso za mbali, akipungiwa mkono haitikii, na mtaa unasema hana adabu. Ugomvi wa marafiki wawili unaweza kuzaliwa kutokana na salamu moja isiyojibiwa, na msomaji akaja kujua sababu kurasa thelathini baadaye.

Halafu jua. Mafuta ya kukinga, SPF 30 au zaidi, hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Sehemu zinazosahaulika ni masikio, midomo na nyuma ya shingo. Kofia iwe na ukingo wa pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Sasa iweke kofia hiyo mbele ya kanuni za shule: gwaride la asubuhi bila kofia, sare ya mikono mifupi, kazi za shamba saa nne. Hapo una mgogoro kati ya mtoto na mwalimu wa zamu ambaye hana chuki yoyote, ana kanuni tu. Moshi, katika hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta mahsusi kwa watu wenye ualbino. Mhusika anayeishi mbali na mgao wa mafuta hayo atayagawa kopo moja kwa miezi mingapi, na dada yake mwenye hali hiyohiyo atapaka nini?

Baba anayemkana mtoto ni kisa cha kweli pia, na kinahitaji sayansi sahihi. Wazazi wote wawili wenye ngozi nyeusi wanaweza kuwa wamebeba kinasaba hicho bila kujua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuchora mraba wa kurithi, vile visanduku vinne vya kuonyesha jinsi vinasaba vya baba na mama vinavyoweza kukutana, na kumwonyesha baba yake. Sijui kama baba atakubali. Hilo ni lako.

Kizingiti cha sentimita 15

Kwa mhusika wa kiti mwendo, hesabu moja itakusaidia kuliko hisia zote. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu za ofisi ya mwalimu mkuu, tuseme sentimita 45, zinahitaji mita 5.4. Watoto wakiamua kujenga mteremko wenyewe kwa mbao za mita moja, mhusika wako atarudi kinyumenyume au atapinduka. Waache wakosee, waupime upya, waende kwa fundi. Vitabu vya watoto hupenda ujenzi.

Mchangani magurudumu madogo ya mbele huzama. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja refu mbele hupita vizuri zaidi. Anayekaa bila hisia za mapaja lazima ajiinue kila baada ya dakika 15 hadi 30, la sivyo vidonda vya mgandamizo huanza, na kidonda hicho kinaweza kumtoa shuleni miezi. Na choo. Waandishi hukikwepa kwa haya, lakini watoto wengi wa viti mwendo hawanywi maji asubuhi kwa sababu mlango wa choo cha shule ni mwembamba. Mwenye mgongo wazi huenda anatumia mpira wa mkojo kila saa tatu au nne. Msomaji wa miaka 11 hashtuki kama unavyodhani. Kinachomshtua ni mhusika wa kurasa 120 asiyewahi kwenda haja.

Kwa asiyeona nitasema machache. Ukiandika nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, kwa kibao na kalamu ya kutobolea, unatoboa kutoka nyuma ya karatasi, hivyo unaandika kulia kwenda kushoto na kusoma kushoto kwenda kulia. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta hizo ina vitufe sita vya nukta na ina uzito unaokaribia kilo 5. Mtoto wa bweni haibebi kwenda nyumbani likizo. Katika mitihani ya darasa la saba Tanzania, watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Na wasioona hawapapasi nyuso za watu ili kuwatambua. Wanatambua sauti, hatua na harufu ya sabuni. Achana na kupapasa nyuso.

Dhiki zisirundikwe

Yatima, njaa, mama wa kambo, ukame, ulemavu, na baba mlevi, yote ndani ya sura mbili. Mwandishi anadhani anaongeza huruma, kumbe anaifuta, maana msomaji hajui alie kwa lipi. Chagua dhiki moja kubwa, kisha fuata matokeo yake. Baba amepoteza kazi bandarini: betri hazinunuliwi, mtoto hasikii, anashuka nafasi darasani, mwalimu anamwita mvivu. Kila pingili imeshikwa na iliyotangulia.

Muswada ukikamilika, upimwe mara mbili. Kwanza, mwondolee shujaa ulemavu wake na usome mpangilio wa sura. Kama hakuna kisa kinachobadilika, ulemavu ulikuwa pambo. Pili, ufiche ulemavu na ueleze mtoto huyu ni nani: anataka nini, anamdanganya nani, anacheka nini. Kama huna la kusema, huna mhusika. Shujaa wa Sharon Draper katika Out of My Mind (2010) ana mtindio wa ubongo na hawezi kutamka, lakini anachokitaka ni kuingia timu ya chemshabongo ya shule. Anakosea pia, anaona wivu, ana ujeuri. Shujaa mwenye ulemavu ambaye ni mwema siku zote ni malaika, na malaika hawana marafiki wa darasa la tano.

Nani anatatua tatizo la mwisho? Mara nyingi ni mwalimu mpya kutoka mjini au mfadhili mwenye gari jeupe. Mtu mzima alete nyenzo kama ni lazima, ila uamuzi na gharama viwe vya mtoto.

Kuhusu matusi: watoto wa kitabuni wataitana majina mabaya, maana wa mtaani wanaitana. Yaweke midomoni mwa wahusika, yasitoke kinywani mwa msimulizi. Msimulizi aseme mtu mwenye ualbino, kiziwi, asiyeona, mtoto wa magongo. Ile methali ya kabla hujafa hujaumbika nayo ipumzishwe kidogo. Inamwambia mtoto amheshimu mwenzake kwa kuogopa zamu yake, na mwenzake amekaa palepale anasikia.

Kabla ya kupeleka kwa mchapishaji, tafuta wasomaji watatu wenye ulemavu unaouandika, angalau mmoja akiwa na umri wa shujaa wako, kwa idhini ya mzazi. Walipe. Vyama vipo: CHAVITA kwa viziwi wa Tanzania, na Chama cha Watu Wenye Ualbino. Usiwaulize kama hadithi imewagusa, maana wataitikia kwa adabu. Waulize: hapa ungechukua dakika ngapi? Mkono gani? Nani angekuwepo? Ukiweza, omba ruhusa ya kushinda siku nzima katika shule yenye kitengo cha elimu maalumu, ukiwa na saa na daftari. Siku moja ya kuhesabu hatua kutoka bwenini hadi bwaloni inazidi wiki ya kusoma mtandaoni.

Mwisho kuna chapa yenyewe, na hapa wachapishaji wetu wako nyuma sana. Kitabu chenye shujaa wa uoni hafifu kikichapwa kwa herufi za pointi 10 juu ya karatasi inayong'aa, shujaa mwenyewe asingeweza kukisoma. Toleo la herufi kubwa huanzia pointi 18, karatasi isiyong'aa, maandishi yasipite juu ya picha. Kwa nukta nundu, ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili hadi tatu, kwa hiyo riwaya ya kurasa 120 itakuwa juzuu mbili au tatu nene. Sura fupi hurahisisha kuzigawa. Mchapishaji atunze faili la maandishi matupu, lenye vichwa vya sura vilivyowekwa vizuri, asibaki na ile ya picha za kurasa pekee. Kila mchoro uwe na maelezo ya mistari miwili mitatu ndani ya faili hilo, na yaandikwe na mtunzi mwenyewe, kwa sababu anayebadilisha kitabu kuwa nukta nundu asipoyakuta huruka mchoro na kuendelea.